Buibui Walao Buibui: Vita Visivyosikika Katika Kuta za Nyumba Zetu

Mvua zinapoanza kunyesha Arua na Koboko, mama wa nyumba huona mambo mawili yakija pamoja. Mbu huzidi, na tando za buibui huongezeka katika pembe za dari, chini ya vitanda na katika nyasi za paa. Hapo ufagio hushikwa, dawa ya kupulizia hununuliwa, na buibui wote huhukumiwa kwa pamoja pasipo kuulizwa jina wala kazi.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Wengi wetu hatujui kwamba katika kundi hilo hilo wamo wawindaji ambao chakula wanachokipenda ni buibui wenziwao. Katika ukuta mmoja wa nyumba ya udongo, au wa kota za askari, hupiganwa kila siku vita vyenye mitego, uviziaji na udanganyifu, wala hapana mtu asikiaye kishindo chake. Wahenga walisema, “Kikulacho ki nguoni mwako”; kwa buibui methali hiyo ni kweli tupu.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza wasomaji habari za wawindaji hao. Kisha yataligusa jambo limhusulo kila mzazi, yaani namna ya kukaa na viumbe hawa bila ya kuwatia watoto wetu katika hatari ya sumu iliyo kali kuliko ya buibui mwenyewe.

BUIBUI NI KIUMBE GANI?

Yafaa tuanze na mambo ya msingi. Mdudu kamili, kama vile nzi au sisimizi, ana miguu sita. Buibui ana minane, tena hana mabawa. Mbele ya kinywa chake yapo meno mawili yenye sumu, na kando yake viungo viwili vifupi mfano wa miguu midogo, avitumiavyo kwa kushikia na kupapasia. Hawezi kumeza vipande vya nyama. Humtia windo lake maji yanayoliyeyusha, kisha hufyonza kama mtu anywaye uji kwa mrija.

Mwaka 2022 orodha ya aina za buibui zilizopewa majina na wataalamu duniani ilipita 50,000. Karibu wote huishi kwa kula nyama, na sehemu kubwa ya nyama hiyo ni wadudu: mbu, nzi, nondo, mende na panzi. Wengi wao, wakimkuta buibui mdogo njiani, humla pia bila ya kusita. Jike wa aina nyingine humla hata dume aliyekuja kumposa. Wapo pia buibui waitwao na wataalamu Stegodyphus, ambao baadhi ya aina zao huishi kwa makundi katika miti ya miiba ya savana za Afrika. Mama wa buibui hao huwalisha wanawe kwa chakula akitapikacho, na mwishowe huwaachia mwili wake mwenyewe wamle. Ni mapenzi ya ajabu, lakini ndiyo desturi yao.

Hayo yote, hata hivyo, ni mambo ya nyakati maalumu. Habari yetu ya leo ni ya wale walioifanya kazi ya kuwinda buibui kuwa ndiyo riziki yao.

MWIZI WA NENO LA SIRI

Mashuhuri kuliko wote ni buibui mrukaji aitwaye Portia. Jamii ya buibui warukaji ndiyo kubwa kuliko jamii zote za buibui, nayo ina aina zaidi ya 6,000. Bila shaka msomaji amekwisha kuwaona ndugu zake: ni wale wadogo, wafupi, wenye macho mawili makubwa mbele, watembeao ukutani mchana kweupe na kumrukia nzi kama paka. Macho yao yaona vizuri mno kwa kiumbe wa kimo hicho.

Portia ana urefu wa kama sentimita moja tu, pengine haifiki. Manyoya yake yamekaa ovyo, miguu yake ina vishungi, na mwendo wake ni wa polepole na wa kusitasita. Amtazamaye hudhani ni kipande cha jani kavu kilichonaswa katika utando. Kwa njia hiyo amekwisha kujificha machoni pa windo lake na machoni pa adui zake pia.

Ili tuielewe hila yake, yatupasa kwanza kujua jinsi buibui mwenye utando anavyoishi. Wengi wao macho yao ni dhaifu sana. Dunia yao huisoma kwa miguu, kwa kutambua mitikisiko ya nyuzi. Nzi akinaswa, nyuzi hutikisika namna moja; dume akija kuposa, hutikisa namna nyingine; upepo nao una mtikisiko wake. Utando basi ni mtego, ni nyumba, tena ni simu ya mwenyewe.

Portia huingia katika utando wa mwenziwe akaitumia simu hiyo kumdanganya. Kwa miguu yake minane na vile viungo viwili vya mbele, huzigonga na kuzivuta nyuzi kwa namna nyingi. Huanza na ishara moja, akangoja. Mwenye utando asipojibu, hubadili ishara, kisha hubadili tena. Akiona mwenye nyumba amejongea, huishika ishara hiyo iliyofaa na kuirudia mpaka windo limfikie karibu, ndipo amrukie na kumchoma meno. Ni kama adui aliyefika kwenye lindo usiku, akajaribu neno la siri moja baada ya jingine, hata akalipata lile linalofungua lango.

Kazi hiyo ina hatari kubwa. Mwenye utando naye ni mla nyama, na mara nyingi ni mkubwa kuliko mgeni wake. Akija mbio kwa hasira, Portia ndiye atakayekuwa chakula. Kwa sababu hiyo hamwiti adui mkubwa kwa kishindo, bali kwa ishara za upole zimtulizazo. Upepo ukivuma na kuutikisa utando wote, hapo ndipo husogea upesi, kwa kuwa hatua zake hazitasikika. Askari yeyote aliyefunzwa kusogea wakati wa kelele ataitambua mbinu hiyo.

UTAFITI WA MBITA, PWANI YA ZIWA VIKTORIA

Mengi tunayoyajua juu ya Portia wa Afrika ya Mashariki yametoka Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Hapo pana kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, shirika lililoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma katika Chuo cha Makerere hapa Uganda kabla ya kwenda Cambridge. Katika kituo hicho Robert Jackson, wa Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand, amefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na wenzake, wakiwamo Fiona Cross na Ximena Nelson.

Walimchunguza buibui aitwaye Portia africana. Watoto wake wadogo huwinda buibui mdogo sana wa ukutani, Oecobius, ajengaye kijihema cha hariri juu ya kuta za nyumba na magome ya miti. Mtoto wa Portia hukaa kando ya kihema hicho, akavizia. Mara nyingine watoto wawili hukaa penye kihema kimoja. Mmoja akilikamata windo, wa pili hujongea wakala pamoja.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Mwaka 2012 Nelson na Jackson walitangaza kwamba mtoto wa Portia, kabla ya kuchagua mahali pa kuvizia, hutazama kwanza wenziwe waliokwisha kufika ni wangapi. Penye mwenziwe mmoja hupapenda kuliko pasipo na mtu, na kuliko penye wawili au zaidi. Hatuwezi kusema kwamba anajua hesabu kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini ni dhahiri kwamba anaitambua tofauti ya mmoja na wengi.

Katika jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2016, Cross na Jackson waliwaweka buibui walao wenziwao juu ya mnara mdogo. Kutoka juu waliweza kuona masanduku mawili, moja lenye windo na jingine lisilo na windo. Lakini njia ya kuyafikia ilianzia chini, na huko chini hakuna lililoonekana tena. Buibui walitazama kwanza, wakashuka, kisha wengi wao wakaishika njia iendayo kwenye windo, ijapokuwa hawakuliona tena. Kiumbe mwenye ubongo mdogo kuliko kichwa cha pini aliweza kuikumbuka shabaha na kuipangia njia ya mzunguko.

HARAMIA, MWENYE DERAYA, NA YULE WA MIGUU MIREFU

Portia si peke yake. Wapo buibui ambao wataalamu huwafananisha na maharamia wa baharini. Hawa hawajengi utando wa kutegea chakula. Huvamia tando za wengine, wakazitikisa kama nzi aliyenaswa. Miguu yao ya mbele ina safu ya miiba mirefu iliyopinda. Mwenye utando akija kuchukua riziki yake, hujikuta amezingirwa na miiba hiyo kama mtu aliyeingia katika ua wa seng’enge, na sumu humlegeza mara moja.

Yupo pia Palpimanus, apatikanaye katika nchi nyingi za Afrika. Ngozi yake ni ngumu kama deraya, meno ya adui hayaipenyi kwa urahisi. Miguu yake ya mbele ni minene, yenye vinyweleo vinatavyo, nayo hulishika windo lisiponyoke. Huyu hategemei sana hila. Hutegemea silaha na ngao.

Wa tatu ni yule tunayekaa naye nyumba moja, buibui wa miguu mirefu myembamba kama nywele, aning’iniaye kichwa chini katika pembe za dari, stoo na choo. Ukimgusa hujizungusha upesi hata asionekane vizuri. Wengi humdharau kwa udhaifu wa umbo lake, kumbe ni mwindaji hodari wa buibui wakubwa kuliko yeye. Siri yake ni miguu hiyo hiyo. Akiwa mbali, mahali meno ya adui yasipofika, hutumia miguu ya nyuma kumtupia nyuzi nyingi, akamfunga kama mzigo, ndipo akamchoma kwa utulivu. Naye huweza kwenda katika tando za wenziwe na kuzitikisa ili awavute. Basi mama anayeona dari lake lina buibui wa miguu mirefu tu na aina nyingine hazionekani, ajue kwamba huenda si bahati.

NYIGU AJENGAYE KWA UDONGO

Hatuwezi kuzitaja habari za wawindaji wa buibui tukamwacha nyigu wa udongo, ijapokuwa yeye si buibui. Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko, chini ya paa, nyuma ya picha, au katika pembe ya dirisha la ofisi, utaona bonge la udongo mkavu lililoshikamana na ukuta. Watoto hulibandua wakidhani ni uchafu, na ndani yake hukuta buibui wengi walioshindiliwa, laini, wasiooza wala wasiotembea.

Hiyo ni ghala ya mama. Nyigu jike huchota tope penye maji, akajenga vyumba vidogo. Kisha hutoka kuwinda buibui, akamchoma kila mmoja kwa mwiba wake. Hawafi; hupooza tu, ili nyama ikae mbichi. Chumba kimoja huweza kutiwa buibui kumi na zaidi. Hutaga yai moja, akaziba mlango, na mtoto atokaye katika yai hula akiba hiyo mpaka akue. Nyigu mzima mwenyewe hunywa maji matamu ya maua. Huyu si mkali kama nyigu waishio kwa makundi; asiposhikwa au kubanwa, ni nadra kumchoma mtu.

YUPO ANAYETAKA DAMU YETU KWA NJIA YA MBU

Huko huko Mbita aligunduliwa buibui mwingine mrukaji, aliyepewa jina la Evarcha culicivora mwaka 2003. Huyu huishi kando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda. Yeye hupenda zaidi mbu jike aliyekwisha kushiba damu. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba humtambua mbu huyo kwa macho na hata kwa harufu. Hawezi kuitoboa ngozi ya mtu. Damu yetu huipata kwa mkono wa mbu. Mwaka 2011 Cross na Jackson walionyesha kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa kuliko soksi safi. Askari aliyerudi kutoka doria basi asione haya mno: wapo wanaoipenda harufu ile.

Watoto wa buibui huyu humjua mbu aina ya Anofelesi, aenezaye malaria, kwa jinsi anavyotua, kichwa chini na mkia juu. Alama hiyo nasi yatufaa tuijue.

Hapa kwetu West Nile hatuna sababu ya kudai kwamba tunaye buibui huyo. Lakini warukaji wengine wa ukutani, na wale wenye tando, hukamata mbu na nzi wa kutosha. Tahadhari moja ni lazima: buibui hawezi kuwa badala ya chandarua. Mbu mmoja aliyemponyoka atosha kumlaza mtoto kitandani. Chandarua chenye dawa kila usiku, na kupimwa damu upesi mtu apatapo homa, ndiyo kinga.

UGONJWA ANAOSINGIZIWA BUIBUI

Katika kambi na vijiji husikika mara nyingi maneno haya: “Buibui amenikojolea.” Mtu ameamka ana malengelenge shingoni au kifuani, yanawaka kama moto, na lawama yote humwangukia buibui. Ukweli ni kwamba malengelenge hayo mara nyingi yana asili nyingine.

Asili ya kwanza ni mbawakawa mdogo mwembamba, mwenye rangi nyekundu na nyeusi, ajulikanaye kwa jina la nzi wa Nairobi ingawa si nzi. Huja katika taa wakati wa mvua. Hang’ati wala hachomi. Lakini akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwili wake huiunguza. Mpulize aondoke, usimponde. Ukimponda, osha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, wala usiguse macho.

Asili ya pili ni ugonjwa uitwao kwa Kiswahili mkanda wa jeshi, ambao Waganda huuita kisipi. Malengelenge yake hupanga mstari upande mmoja tu wa mwili, nayo huja na maumivu makali. Huletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga, vilivyojificha katika mishipa ya fahamu tangu mtu alipougua zamani, vikaamka wakati nguvu za mwili zimepungua. Mgonjwa wa mkanda wa jeshi asipoteze siku akipaka majivu na kumlaani buibui. Aende kituo cha afya mapema, kwa kuwa dawa husaidia zaidi ikianzwa katika siku tatu za kwanza. Na akishauriwa kupima damu ili ijulikane kwa nini mwili umedhoofu, akubali.

Hatusemi kwamba buibui hawaumi kabisa. Wapo wachache ambao meno yao huleta maumivu makubwa, na mtu aumwaye hata akaona jasho, maumivu ya tumbo au kidonda kinachoenea apelekwe hospitali. Lakini hao ni wachache mno kuliko tunavyodhani.

SUMU ILIYO KALI ZAIDI

Sasa tufike penye jambo lililotufanya tuandike. Ipo desturi mbaya ya kuchukua dawa za shamba, zilizokusudiwa tumbaku, pamba au mboga, na kuzipulizia ndani ya nyumba ili kuua buibui na mende. Dawa hukaa katika mikeka, katika magodoro na ukutani, mahali mtoto mchanga hutambaa na kutia vidole kinywani. Nyingine huhifadhiwa katika chupa za soda, na mtoto mwenye kiu hazijui.

Buibui mmoja hajapata kuangamiza watoto wa nyumba nzima. Chupa moja ya dawa ya shamba yaweza. Tena faida yake ni fupi. Mbu hukua kutoka yai hata kuwa na mabawa kwa muda wa siku kumi hivi, naye huruka kutoka nje. Buibui wengi huhitaji miezi. Kwa hiyo baada ya kupulizia, adui hurudi kwanza, na mlinzi hurudi mwisho.

Badala ya hayo, familia yaweza kufanya mambo yafuatayo:

Fagia tando kuukuu zenye vumbi, hasa juu ya vitanda na mahali pa chakula. Warukaji wa ukutani waache.

Sogeza kitanda mbali kidogo na ukuta, na chandarua kifungiwe chini ya godoro.

Kung’uta buti, sare na viatu vya watoto kabla ya kuvaa, hasa vilivyokaa stoo.

Buibui usiyempenda mfunike kwa kikombe, pitisha karatasi ngumu chini yake, umtoe nje.

Dawa za shamba zikae katika chupa zake zenye maandishi, mahali pafungwapo kwa kufuli, nje ya chumba cha kulala.

Mtoto aliyekunywa dawa, au anayetoka mate mengi, kutapika na kupumua kwa shida, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Usimlazimishe kutapika.

ZOEZI KWA WATOTO

Wazazi wenye watoto shuleni wanaweza kuwapa kazi moja nyepesi. Siku ya mapumziko, mtoto achague utando mmoja nje ya nyumba na autazame kwa nusu saa bila ya kuugusa. Aandike mwenyewe yuko wapi, wadudu wangapi wamenaswa, na kama yupo buibui mwingine pembeni. Kisha achukue jani la jamvi, aguse uzi mmoja polepole. Je, mwenyewe anakuja, anakimbia au anajitikisa? Kwa zoezi hilo mtoto atakuwa amefanya lile lile lifanywalo na wataalamu wa Mbita: kutazama, kujaribu na kuandika.

Mtoto aliyefunzwa kumtazama buibui hatamwogopa ovyo wala hatamwua ovyo. Nasi watu wazima tukumbuke kwamba ufagio hutosha kwa utando uliozidi, na chandarua ndicho kimzuiacho mbu. Dawa ya shamba kazi yake ni shambani, na huko huko na ibaki.